Marumaru ya Unyoya wa Bata

Tangu nirudi, siwezi kununua hata nyanya pale Rosettenville bila mtu kunishika mkono: "Fundi, tuambie, huko kulikuwaje?" Nimeshasimulia kwa kinyozi, kwa fundi cherehani, na mara mbili kwa mlinzi wa geti letu, na kila mara hadithi inarefuka. Kabla haijafika mahali nilipokula chakula cha mchana na rais wao, afadhali niiandike yote kama ilivyokuwa. Atakayeuliza tena nitampa karatasi.

Kwa wasionifahamu: mimi ni Fundi Zakaria, mtu wa Bukavu, miaka kumi na tisa sasa Johannesburg. Napaka rangi. Kama umewahi kunyolewa upande wa kusini wa mji huu chini ya kibao chenye kichwa cha mwanaume anayetabasamu, huenda kichwa hicho ni changu.

La Rochelle, ndani ya gereji

Kanisa letu liko La Rochelle, katika jengo lililokuwa gereji ya malori. Tunasali humo Wakongo, Warundi na Watanzania wachache. Dari ni bati. Nguzo ni za chuma, sita, nimezihesabu mara mbili. Ofisini kuna kalenda ambayo mwaka wake uliisha zamani, tuliyoachiwa na padri mmoja mzee Mfaransa alipoondoka. Haitolewi ukutani kwa sababu ya picha yake: ndani ya kanisa la kijiji huko kwao, nguzo za marumaru nyekundu zenye mishipa myeupe, na dari ya buluu iliyojaa nyota za dhahabu. Jina la kijiji limeandikwa chini kwa herufi ndogo.

Mwenyekiti wa kamati ya jengo ni Mama Jeanne, mshonaji wa magauni ya harusi, mwanamke asiyekosea kipimo. Aliipenda picha ile mpaka akaja na wazo.

"Marumaru hatuiwezi," alisema kwenye kikao. "Tuchapishe hiyo picha kwenye plastiki. Fordsburg wanachapa hata ukuta mzima. Tunatundika bango mbele, kazi imekwisha."

"Mama, mbona mimi naona hiyo kwenye picha ni rangi," nikasema. "Na kama ni rangi, naweza kuipaka."

"Ni marumaru, Fundi. Hata kipofu anaona."

"Huyo kipofu anaona nini tena?"

"Usinichezee. Wewe ni mtu wa vichwa vya saluni. Nyumba ya Mungu si saluni."

Watu walicheka, nami nikacheka nao, kwa sababu mjini ukichekwa unacheka kwanza. Lakini nilikwenda nyumbani nikahesabu. Katika miaka kumi na tisa hakuna kazi yangu hata moja iliyodumu mitano. Saluni inahama, duka la spaza linabadilisha mwenyewe, anakuja mtu na ndoo ya nyeupe, kichwa changu kinafutwa na tabasamu lake. Nilikuwa nautaka ukuta ule wa gereji. Nilitaka niache kitu kimoja ambacho hakuna mpangaji atakayekifuta.

Ndipo Nadine, mtoto wa dada yangu, anayetunza wazee katika mji mdogo katikati ya Ufaransa, akajifungua na kuniita kwenye ubatizo. Nikamtajia jina la kile kijiji. Akasema, "Tonton, mjomba wangu, kiko hapa jirani, safari ya basi moja."

Niliporudi kwa kamati, Mama Jeanne alitoa hukumu. "Nenda ukashike hizo nguzo kwa mkono wako. Picha usituletee, picha ndiyo imetugombanisha. Kama ni rangi, na ukirudi unajua ilivyopakwa, jengo lote ni lako. Kama ni marumaru, utanisaidia kutundika bango."

Nikakubali. Sikuwa na bei nyingine ya kutaja.

Addis Ababa, saa sita za kukaa

Tulitua Addis asubuhi na mapema, tukaambiwa ndege ya mbele inachelewa kidogo. Kidogo chao kilikuwa saa sita. Nilikaa karibu na babu mmoja wa Lubumbashi aliyekuwa amebeba samaki wakavu wa mwanawe, amewafunga katika magazeti, kisha plastiki, kisha taulo, na bado ukumbi mzima ulijua.

"Watakunyang'anya hao Paris," nikamwambia.

"Nimewapitisha mara nne," akasema. "Ukiulizwa, unasema ni dawa. Akifungua mwenyewe, anafunga haraka."

Tukabadilishana: yeye alinipa kipande cha samaki, mimi nikampa chapati mbili za mke wangu. Alitaka tatu. Tukakubaliana mbili na nusu.

Paris, na treni iliyogeuka basi

Paris, afisa aliniuliza ninaishi wapi. Nikajibu, "La Rochelle." Akainua kichwa, akasema ni mji mzuri sana, hasa bandari. Nikamweleza ya kwetu haina bandari, ina magereji. Akagonga muhuri bila kutabasamu. Nyuma yangu nilimsikia babu wa Lubumbashi akisema, "Ni dawa."

Treni ya kwanza iliondoka kwa dakika yake. Ya pili haikuwapo. Kulikuwa na mgomo, na mahali pa treni pamesimama basi, na dereva wake alisimama kila mji kuvuta sigara na kutupa habari za mgomo, ambao alikuwa anauunga mkono. Nadine alinipokea na supu ya viazi na jibini lenye harufu iliyonikumbusha wale samaki. Mtoto anaitwa Élie. Vidole kumi, miguuni kumi.

Ubatizo ulikwenda vizuri Jumapili, katika kanisa la mjini. Jumatatu Nadine alikuwa kazini, na Jumanne ndege inanirudisha. Kwa hiyo kijiji kilikuwa na siku moja tu, ile Jumatatu, na basi la kwenda asubuhi na la kurudi alasiri. Hakuna la katikati.

Kijijini, kutafuta ufunguo

Kulikuwa na baridi ya kuuma mifupa. Nilivaa koti langu jeusi la misiba, shati la kijivu nimelifunga mpaka kifungo cha shingoni, na mkononi nilibeba begi jeusi la vifaa. Kumbukeni mavazi hayo.

Kanisa nililiona kabla ya kijiji. Mnara wa mraba, mfupi na mnene kama mtu aliyekaa, paa la mawe meusi membamba, juu kabisa jogoo wa chuma. Kuta nene, madirisha madogo ya upinde. Mlango umezama chini ya barabara, unashuka ngazi tatu kuufikia, zimelika katikati kwa karne za viatu. Nikashuka, nikasukuma. Umefungwa. Nikausukuma mara ya pili, maana ndiyo kawaida yangu. Umefungwa.

Duka la mikate lilikuwa limefunguliwa. Nikachagua mkate mrefu, na kwa kuwa tabia ni ngozi ya mwili, haibadiliki kwa kupanda ndege, nikamwambia mama mwenye duka kwamba huu umeungua kidogo mwishoni, tunaongeaje? Akautazama mkate, akanitazama mimi, akaufunga kwa karatasi, akaongeza na keki ndogo ya tufaha. "Chukua," akasema. "Wewe hulipi."

Nilitoka dukani kifua mbele. Miaka kumi na tisa ya kupatana bei Fordsburg, nikawaza, si kitu cha kupotea. Nimewamaliza Wafaransa kwa sentensi moja.

Nilikuwa nimekula nusu ya mkate nikiwa nimeegemea ukuta wa kanisa, nilipomwona bibi mmoja anakuja kwa fimbo, amevaa koti la zambarau, mkononi ufunguo wa chuma mrefu kama mkono wa mtoto. Mwenye duka alikuwa amempigia simu.

"Hatimaye, Padri," akasema. "Tunakungoja tangu Pasaka. Tuliambiwa padri mpya atatoka Kongo."

Hapo ndipo nilipoutazama upya ule mkate wa bure. Nikaja kuelewa baadaye kwa Nadine: mapadri wao wamezeeka, mmoja anahudumia vijiji ishirini na zaidi, na wapya wengi wanatoka kwetu. Mwafrika mwenye koti jeusi na begi jeusi, anayetikisa mlango wa kanisa siku ya Jumatatu, angekuwa nani mwingine?

Sikusema ndiyo. Sikusema hapana. Mtu wa Joburg anajua kwamba kimya ni bei ya kwanza. Nilifikiria basi la alasiri, nikamfikiria Mama Jeanne na bango lake, nikautazama ule ufunguo. Nikasema, "Mama, naomba kuona ndani."

"Nina mguu mbaya, sisimami sana. Nakupa nusu saa."

"Saa mbili."

Akashangaa padri anayepatana. "Saa moja."

"Saa moja na nusu, nami nitafunga mwenyewe."

Akanifungulia. Aliitwa Madame Odile, akaenda kutafuta kitu nyumbani kwake.

Ndani

Kwanza sikuona kitu, ni giza na harufu ya mawe mabichi. Kisha macho yakazoea, na nikakaa chini bila kupenda.

Sehemu ya watu ni kuta za chokaa, na juu ya chokaa mtu amechora mistari myekundu ya kahawia, kama viungo vya mawe ya kuchongwa, jiwe kwa jiwe, mpaka juu. Yaani ndani ya ukuta wa mawe halisi yasiyo sawa, wamepaka mawe ya uongo yaliyo sawa. Nilicheka peke yangu. Ubavuni kuna bamba lenye majina ya vijana wa kijiji waliokufa vitani, thelathini na moja. Tangu nishuke kwenye basi nilikuwa nimeona watu watano.

Mbele, nyuma ya altare, ukuta umejipinda nusu duara, na Kristo amekaa ndani ya umbo kama lozi, mkono mmoja juu. Unyevu umemla goti la kushoto. Chini yake wamechora pazia, mikunjo yake yote, hata pete zake za kuning'inia, pazia ambalo upepo hautalitikisa kamwe. Juu, dari ya mbao iliyopindwa kama mtumbwi uliogeuzwa, buluu, yenye nyota za dhahabu, na boriti nene zinakatiza kutoka ukuta hadi ukuta.

Na nguzo. Sita, kama zetu. Nyekundu, mishipa myeupe.

Nilisimama mbele ya ya kwanza kama mtu anayesubiri majibu ya daktari. Nikaweka kiganja. Marumaru hunyonya joto la mkono wako, inakuwa baridi na inabaki baridi. Hii ilipata joto. Nikagonga kwa kifundo cha kidole: plasta. Nikaenda ya pili, nikaweka kiganja, nikagonga. Nilizizunguka zote sita, kisha zote sita tena.

Rangi. Mama Jeanne, ni rangi.

Lakini furaha yangu haikufika mlangoni. Nilitoa brashi zangu na ubao mdogo, nikajaribu ule mshipa. Brashi nyembamba ikatoa mstari wa kibao cha saluni, msafi, uliokufa. Ule wa ukutani ulianza mnene, ukakonda, ukapotea, ukaibuka mahali pengine kama mto wakati wa kiangazi. Nilijaribu mara nane. Nilikuwa na nusu ya jibu, na nusu ya jibu kwa kamati ni bango.

Nikahesabu nyota ili nitulie. Nikiwa mlangoni, mia moja na kumi na mbili. Nikakaa kwenye kiti kimoja cha nyasi pembeni, karibu na nguzo ya tatu, nikahesabu tena. Mia moja na kumi na tatu. Hilo likaniudhi zaidi.

Madame Odile akarudi. Mkononi alikuwa na picha ya mwanaume mwenye kofia. "Padri," akasema, "Marcel, mume wangu, alizikwa wakati hatuna padri. Alisaliwa na walei tu, walifanya walivyoweza. Naomba umwombee kaburini. Ni hapa nyuma."

Kimya kina mwisho wake. Unaweza kumdanganya mtu kwenye bei, lakini si kwenye kaburi.

"Mama," nikasema, "mimi si padri. Nina mke na watoto wanne. Ulipokosea nikanyamaza, kwa sababu nilitaka ufunguo. Nisamehe."

Hakupiga kelele. Alinyoosha mkono. Nikampa ufunguo. Akabaki ameushika, anautazama ubao wangu wenye mishipa minane mibaya.

"Basi wewe ni nani?"

"Fundi rangi. Vibao vya saluni, Afrika Kusini. Tuna kanisa ndani ya gereji, na nguzo sita."

"Kila mtu anaweza kusema ni fundi rangi. Umeshasema kwa kunyamaza kwamba u padri." Akainua fimbo, akaelekeza nguzo ya tatu kushoto. "Ile ina nini?"

Nilikuwa nimeshaiona. "Mishipa ya zingine inalala upande, kama mvua na upepo. Ya ile imesimama wima na inakatikakatika. Mkono ni uleule, nauona kwenye vifundo. Lakini alikuwa mgonjwa. Alikuwa anatetemeka, akawa anaegemea mkono kwenye nguzo, kwa hiyo ukawa unashuka tu, hauendi pembeni."

Akakaa kwenye kiti cha nyasi.

"Marcel alizirudia zote sita," akasema. "Unyevu ulikuwa umezila. Alianza na hizo tano. Ya tatu ilikuwa ya mwisho. Watu wote humu wanasema ndiyo nzuri kuliko zote, kwa sababu wananihurumia. Wewe ni wa kwanza kuniambia ukweli, na ni mwongo." Kisha akasema, "Hutumii brashi. Unatumia unyoya."

Unyoya wa bata bukini. Marcel alikuwa anauchovya, anauvuta kwa ubavu wake juu ya rangi ambayo bado mbichi, anauzungusha kati ya vidole viwili huku anavuta, na kabla haijakauka anapitisha sifongo. Na ule weusi mwepesi wa juu unaolaza yote, anachanganya unga wa rangi na bia. Bia, naam. Marcel alikuwa anamimina chupa mbili, moja ya kazi.

Alinituma nyumbani kwake, mlango wa pili, nikaleta kopo la penseli lenye manyoya ya Marcel. Akakaa kwenye kiti chake akinikosoa. "Zungusha. Unavuta kama mtu anayeandika jina." "Sasa unaogopa." "Sasa umelewa." Ubao ulipojaa niligeuza upande wa pili. Mshipa wa kumi na sita ulianza mnene, ukakonda, ukapotea.

"Huo," akasema.

Nikamuuliza kuhusu nyota. Akacheka mara ya kwanza. "Umekaa kwenye kiti changu. Iko moja nyuma ya boriti, Marcel aliiongeza. Haionekani popote ila hapa. Makasisi wawili walibishana idadi mpaka wakafa."

Kaburini tulikwenda hata hivyo. Nilimwambia mimi naweza kusali kama mlei tu. Akasema walei Marcel ameshawazoea. Nikasali Baba Yetu kwa Kiswahili, polepole, mpaka mwisho.

Kabla ya basi nilipitia dukani, nikamweleza mwenye mikate mimi ni nani hasa. Akakunja uso. Nikalipa mkate na keki, bei kamili, bila kusema neno. Msimwambie mtu yeyote Fordsburg.

Gereji tena

Madame Odile alinipa manyoya matatu. Afisa wa Johannesburg aliyafungua akauliza ni nini. Nilitaka kusema dawa, nikasema ni brashi, akanipitisha.

Kikao kilikuwa Jumapili. Jumamosi niliomba ufunguo wa gereji, nikapiga plasta nyembamba nguzo moja ya chuma, ile iliyo karibu na mlango, nikaipaka. Mama Jeanne huingia wa kwanza, na kwa sababu ya goti lake hukaa palepale mlangoni. Alipotaka kukaa akashika nguzo kujizuia, akasimama hivyohivyo, kiganja juu.

"Nani ameleta marumaru humu bila kikao?"

Akaacha kiganja pale. Nikamwona anangoja baridi, na baridi haikuja. Akagonga kwa kifundo. Akagonga tena.

"Fundi," akasema.

"Naam, Mama."

"Zimebaki tano."

Zilinichukua mwezi mmoja, na dari miezi miwili, bati lote buluu na nyota mpaka nyuma ya boriti za chuma. Bia ilizua kikao chake, hiyo ni habari nyingine. Jumapili iliyopita, baada ya misa, Mama Jeanne alinishika mkono mlangoni.

"Nyota zako zina kasoro. Nimekuwa nikizihesabu wakati wa mahubiri. Napata tisini na saba. Katibu anakaa mbele, anasema tisini na sita, na ameandika kwenye taarifa. Nani anadanganya?"

"Wewe umehesabu mara ngapi?"

"Mara mbili. Mimi ni mshonaji."

"Basi ni tisini na saba," nikamwambia. "Ila usihame hapo mlangoni."